Mazoezi vyuoni: Wasomi wanaandaliwa kwa kazi, afya yao imeachiwa nani?

Na Mwandishi Wetu

TANGU mwaka 2013, serikali iliporejesha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria baada ya kuyasitisha mwaka 1994, maelfu ya vijana wanaohitimu kidato cha sita wamekuwa wakipitia kambini kabla ya kuingia chuo kikuu. Huko huamshwa alfajiri, hukimbia mchakamchaka, hupiga kwata na kushika jembe. Wanapomaliza, wengi wao huwa wakakamavu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yao.

Kisha milango ya chuo hufunguliwa. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka mitatu, minne au mitano, hakuna ratiba inayomtaka kijana huyo atoe jasho. Hakuna kengele ya alfajiri, hakuna kiranja wa michezo, na kwa walio wengi hakuna kipindi hata kimoja kinachohusu mwili wake. Anayetaka kukimbia atakimbia. Asiyetaka atakaa, wala hakuna atakayemuuliza.

Kwa muda mrefu suala la mazoezi ya viungo vyuoni limechukuliwa kuwa la wenye vipaji, yaani wachezaji wachache wanaokiwakilisha chuo katika mashindano, au la wenye nafasi na fedha za ziada. Hata hivyo, takwimu za afya zinaonyesha kwamba linamgusa kila mwanafunzi, na kwamba gharama ya kulipuuza hulipwa baadaye na familia, mwajiri na hazina ya taifa.

Jasho la jembe na jasho la kujitakia

Kuna jambo moja ambalo huwafanya baadhi ya watu waone kwamba Tanzania haina tatizo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2016 ziliitaja Tanzania, pamoja na Uganda, Msumbiji na Lesotho, miongoni mwa nchi ambazo watu wazima wake hujishughulisha zaidi kimwili. Wasiofikia kiwango kinachotakiwa katika nchi hizo walikuwa chini ya asilimia 10, wakati wastani wa dunia ulizidi robo ya watu wazima wote.

Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haikutokana na viwanja wala kumbi za mazoezi. Imetokana na jembe, ndoo ya maji kichwani, mzigo wa kuni, uvuvi, ufyatuaji wa matofali na safari ndefu za miguu. Ni jasho la kutafuta riziki.

Elimu ya juu ndiyo njia kuu inayomtoa kijana katika maisha hayo. Anayeingia chuoni anatarajia kutoka akiwa ofisa, mhasibu, mwalimu, mwanasheria au mtaalamu wa kompyuta. Kazi hizo zote zina kiti. Kwa hiyo, siku anapoliacha jembe, anaacha pia mazoezi aliyokuwa akiyapata bila kuyaita mazoezi, na asipojifunza kuyatafuta kwa hiari yake hatakuwa na mahali pengine pa kuyapata.

Dalili za gharama yake zilionekana zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulibaini kuwa takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, zaidi ya asilimia 9 walikuwa na kisukari, na kiasi cha robo walikuwa na uzito uliozidi.

Ni kweli kwamba magonjwa hayo hayaletwi na kukaa tu. Yanachangiwa pia na chumvi, mafuta, sukari, pombe, tumbaku na urithi wa damu. Lakini umri ulioanzia utafiti ule unafaa kutazamwa kwa makini. Kijana anayehitimu shahada ya kwanza akiwa na miaka 24 anaingia katika kundi hilo mwaka unaofuata. Tabia atakazoingia nazo ni zile alizotoka nazo chuoni.

Nusu saa ambayo haipatikani

Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu si cha kutisha. Mwongozo wa WHO uliotolewa mwaka 2020 unamtaka mtu wa umri wa miaka 18 hadi 64 afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, na kuongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kiwango cha chini ni sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki.

Mwongozo huo uliondoa pia sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe tu yanapodumu kwa dakika 10 au zaidi kwa mfululizo. Kupanda ngazi, kutembea kutoka hosteli hadi darasani na kucheza rede jioni, vyote vinahesabika. Vilevile ulitoa, kwa mara ya kwanza, mapendekezo mahsusi kwa watu wenye ulemavu, kundi ambalo mara nyingi husahaulika pale vyuo vinapozungumzia michezo.

Pamoja na wepesi huo, dunia inarudi nyuma. Utafiti uliochapishwa Juni 2024 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kuwa asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani kiasi cha watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Wanawake walikuwa nyuma zaidi, kwa asilimia 34 dhidi ya asilimia 29 ya wanaume.

Kwa walio chini ya umri wa chuo hali ni mbaya zaidi. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2019, kwa kutumia takwimu za mwaka 2016, ulikadiria kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakuwa wakifikia wastani wa dakika 60 kwa siku unaopendekezwa kwa umri wao. Maana yake ni kwamba chuo hupokea vijana ambao wengi wao, wasipopitia JKT, wameshaanza kuzoea kukaa.

Mazingira ya chuo hayawasaidii. Mwanafunzi hutoka ukumbi wa mihadhara akaingia maktaba, akatoka maktaba akaingia kwenye kundi la majadiliano, na usiku hukaa mbele ya kompyuta au simu. Pale ambapo kampasi ni pana na jua ni kali, bodaboda na bajaji humwondolea hata ule mwendo mfupi wa miguu. Vipindi navyo, kwa sababu ya uchache wa kumbi ukilinganisha na idadi ya wanafunzi, hupangwa kuanzia asubuhi na mapema hadi jioni.

Mfuko wa mwanafunzi

Kikwazo kingine ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humpatia mkopaji fedha za chakula na malazi ambazo mitaani hujulikana kwa jina la "bumu". Mwaka 2022 kiwango chake kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku.

Katika kiasi hicho mwanafunzi hutakiwa kula milo mitatu na kulala mahali salama. Anayeishi nje ya kampasi hulipa na nauli. Ni vigumu kumwambia mtu wa namna hiyo akajiandikishe katika ukumbi binafsi wa mazoezi mjini, ambako ada ya mwezi mmoja inaweza kumeza fedha za chakula cha siku kadhaa.

Kwa upande mwingine, fedha za tiba hutafutwa na hupatikana. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa elimu ya juu ametakiwa kulipa Sh50,400 kwa mwaka ili apate kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Utaratibu huo ni mzuri na umewaokoa wengi. Lakini unaonyesha jinsi hesabu zetu zilivyopangwa: mwanafunzi anachangia kwa lazima siku atakayougua, na hachangiwi chochote kwa siku ambazo angeweza kujikinga asiugue.

Hali hiyo inaonekana pia katika majengo. Aprili 2017 yalipozinduliwa mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye majengo 20 yaliyogharimu Sh10 bilioni, kila mtu alijua idadi ya vitanda: 3,840. Uhaba wa malazi ulikuwa mkubwa na kipimo hicho kilistahili. Hata hivyo, ni nadra kusikia chuo kikitaja kwa namna hiyohiyo ni wanafunzi wangapi wanaoweza kufanya mazoezi kwa wakati mmoja katika viwanja vyake.

Kwa wasichana mzigo ni mara mbili. Wengi hawako huru kukimbia barabarani alfajiri au baada ya magharibi kwa kuhofia usalama wao. Wengine hukwazwa na mavazi, macho ya watu na maneno ya mitaani. Kiwanja kimoja cha mpira wa miguu, kinachotawaliwa na wavulana kila jioni, hakiwezi kuhesabiwa kuwa ni huduma kwa wanafunzi wote.

Kulazimisha kuna historia yake

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: mazoezi yawe ya lazima kwa kila mwanafunzi. Hoja hiyo ina mifano ya kuitegemea.

Nchini Marekani, Chuo cha Amherst kilianzisha idara ya afya na elimu ya viungo mapema miaka ya 1860, na mtindo huo ukaenea. Kufikia miaka ya 1920, asilimia 97 ya vyuo vya nchi hiyo vilivyochunguzwa vilimtaka mwanafunzi asome elimu ya viungo ili ahitimu. Hadi leo Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), inayosifika kwa wahandisi na wanasayansi wake, humtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza amalize kozi nne za elimu ya viungo na athibitishe kuwa anajua kuogelea. Nchini China, Chuo Kikuu cha Tsinghua kilitangaza mwaka 2017 kurejesha sharti la kuogelea.

Lakini mfano wa Marekani una upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kufikia mwaka 2010 vyuo vilivyobaki na sharti hilo vilikuwa asilimia 39.55 tu, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa.

Funzo kubwa zaidi linatoka Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, ambacho wasomaji wa Afrika wanakikumbuka kuwa ndiko walikosoma Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Kuanzia waliojiunga mwaka 2006, chuo hicho kiliamua kuwapima wanafunzi uwiano wa uzito na urefu. Waliofikia 30 au zaidi, kiwango kinachohesabiwa kuwa ni unene uliopindukia, walitakiwa kupunguza uzito au kusoma kozi ya mazoezi kabla ya kuhitimu.

Nia ilikuwa njema, kwa kuwa kisukari na magonjwa ya moyo huwaathiri sana Wamarekani weusi. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2009, wakati wanafunzi wa kwanza waliohusika na sharti hilo walipokaribia kuhitimu, malalamiko yalizuka ndani na nje ya chuo. Wakosoaji walihoji kwa nini wanene watengwe wakati wembamba wasiofanya mazoezi wanaachwa. Desemba mwaka huohuo walimu wa chuo walipiga kura kuliondoa sharti hilo.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria iliyowataka wahitimu kutumikia JKT, na Rais Julius Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Ugomvi ule haukuwa wa mazoezi. Ulihusu zaidi makato ya mishahara na haki. Lakini ulionyesha kwamba jambo lenye manufaa kwa taifa linaweza kukataliwa na wasomi pale linapowajia kama amri bila kuwashirikisha.

Kozi peke yake haitoshi

Hata pale ambapo kozi inatolewa kwa hiari na kwa ustadi, matokeo yake yana mipaka. Katika Chuo Kikuu cha San Diego State, California, watafiti waliwachukua wanafunzi 338 waliokaribia kuhitimu na kuwapa baadhi yao kozi ya muhula mmoja iliyolenga kuwajengea tabia ya mazoezi. Matokeo ya awali, yaliyotolewa mwaka 1999, yalionyesha wanawake wameongeza mazoezi, huku wanaume wakibaki walivyokuwa. Miaka miwili baadaye hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliosoma kozi ile na wasioisoma.

Jambo hilo halimaanishi kuwa kozi hazina faida. Linaonyesha kwamba mtu anapofundishwa umuhimu wa mazoezi, kisha akarudishwa katika mazingira yasiyo na muda, mahali wala wenzake wa kufanya nao, tabia humtoka upesi.

Somo hilo linaziangukia pia kampeni za kitaifa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya wananchi kufanya mazoezi. Watumishi wa umma walijitokeza kwa wingi mwanzoni. Zanzibar, vikundi vya mazoezi hukusanyika kila tarehe 1 Januari katika tamasha lao la mwaka. Jijini Kigali, Rwanda, tangu mwaka 2016 barabara kadhaa hufungwa kwa magari katika Jumapili zilizopangwa ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli.

Kinachoitofautisha Kigali ni kwamba serikali haikuishia kutoa wito. Ilitoa barabara na ikatoa saa. Chuo kikuu kina uwezo wa kufanya hivyo kwa urahisi kuliko jiji, kwa sababu ratiba ni yake, eneo ni lake, na wahusika wanaishi au kushinda humo.

Kipi kianze

Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Nchini Uingereza, vyuo vingi vina desturi ya kuacha alasiri ya Jumatano bila vipindi ili wanafunzi washiriki michezo. Chuo cha Tanzania chenye uhaba wa kumbi kinaweza kuona ugumu kuacha nusu siku nzima, lakini saa mbili kwa wiki, zinazoheshimiwa na idara zote, zinawezekana.

Hatua ya pili ni kuwatumia walimu waliopo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Wanafunzi wa fani hiyo wanahitaji mafunzo kwa vitendo, na wenzao wa uhasibu, sheria na uhandisi wanahitaji wa kuwaongoza. Madarasa ya aerobiki, kuruka kamba, kukimbia na mazoezi ya misuli kwa kutumia uzito wa mwili hayahitaji mashine za kigeni. Yanahitaji uwanja, mwalimu na saa inayojulikana.

Hatua ya tatu ni kutenga muda na mahali kwa wasichana, kwa kushauriana nao wenyewe kuhusu mavazi, taa na ulinzi, na kupanga mazoezi yanayowafaa wanafunzi wenye ulemavu tangu mwanzo badala ya kuwakumbuka baadaye.

Hatua ya nne ni kutenganisha michezo ya ushindani na mazoezi ya wote. Timu za vyuo zinazoshiriki mashindano ya kitaifa na ya Afrika Mashariki zinastahili kuungwa mkono. Lakini timu hubeba makumi ya wanafunzi, wakati vyuo vya nchi hii vina zaidi ya laki mbili. Hali hiyo haitofautiani na ya taifa zima, ambalo Septemba 2023 lilishangilia kuteuliwa kuandaa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja wa Benjamin Mkapa hubeba watazamaji 60,000, na wanaotoa jasho katikati yake ni wachezaji 22.

Kuhusu kulazimisha, mifano iliyopo inaelekeza njia ya kati. Kipindi cha mazoezi kinaweza kuwa sehemu ya ratiba ya mwaka wa kwanza kwa wote, bila kupima uzito wa mtu na bila alama za kufaulu au kufeli, mwanafunzi akichagua mwenyewe atakalofanya. Kuanzia mwaka wa pili nafasi iendelee kuwapo kwa hiari. Kwa namna hiyo hakuna anayeaibishwa, na hakuna anayehitimu bila kuonyeshwa.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa vitanda vya hosteli, vitabu na maabara haiwezi kuweka mbele mazoezi. Hoja hiyo ina uzito iwapo mazoezi yanamaanisha kumbi za kisasa. Iwapo yanamaanisha saa mbili katika ratiba na kiwanja cha nyasi, uzito wake hupungua sana.

Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu elimu ya viungo na michezo, wa mwaka 1978 na uliorekebishwa mwaka 2015, unaitaja elimu hiyo kuwa haki ya kila mtu. Nchini, shule za msingi zinazo mada za michezo katika mitaala yao, na JKT inao mchakamchaka wake. Pengo lipo kati ya lango la kuingilia chuo na lango la kutokea.

Wenye mamlaka ya kuliziba ni mabaraza ya vyuo, yanayopitisha ratiba na bajeti, pamoja na serikali za wanafunzi, zinazoweza kulidai. Yasipofanya hivyo, uamuzi utafanyika wenyewe, na taarifa yake itasomwa miaka 15 ijayo katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, na wahitimu wa leo wakiwa kwenye foleni.